Barua ya Kukanusha Kuliwa Kwangu

Lewisville, Texas

Baba Mkubwa, Shangazi, na jamaa wote wa Makorora hadi Muheza,

Shikamooni nyote mnaostahili. Wadogo zangu, marahaba. Najua mlikuwa njiani kuniamkia.

Baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Maneno haya tulikaririshwa shuleni, na kila barua iliyowahi kutoka nyumbani kwetu ilianza nayo, hata ile ya kaka ya kuomba nauli akiwa amelazwa na malaria. Lakini safari hii naomba msiyaruke. Bibi asomewe kwa sauti, taratibu, kituo kwa kituo: mimi ni mzima. Mguu wa kulia upo. Wa kushoto upo. Sikung'atwa, sikuraruliwa, sikuliwa.

Madhumuni ya barua hii ni kukanusha. (Lile pipa la nguo nililoahidi tangu mfungo wa mwaka juzi najua mnalisubiri. Tutafika huko.)

Nimeandika kwa mkono, kisha nikaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwa hesabu niliyoifanya kutoka kwenye kundi la ukoo, Jumapili saa moja asubuhi ya kwenu nilikuwa nimeshambuliwa na mbwa. Saa nne, mbwa walikuwa wengi. Adhuhuri walikuwa fisi. Baada ya alasiri akatokea mjuzi mmoja, jina lake nalihifadhi kwa kuwa ananidai, akasema Marekani hakuna fisi wa porini, kwa hiyo lazima watakuwa wametoroka sehemu, na serikali ya huku inaficha. Magharibi nikasomewa dua na mchango ukafunguliwa. Nawashukuru wote. Nimeona majina, nimeona na viwango, na nimemwona pia aliyeandika "nitatoa mwisho wa mwezi" kwa ajili ya mtu aliyeliwa na fisi.

Jumatatu ukaja uvumi wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, kwamba usiku wa Jumamosi nilikuwa na virukanjia nyumbani. Huo chanzo chake ni mimi mwenyewe. Nilimjibu Baba Mkubwa kwa haraka nikiwa kazini: "Si fisi, walikuwa virukanjia." Nikatia simu mfukoni nikaendelea kumbadilisha mgonjwa shuka, wala sikujua nimewasha moto gani nyuma yangu. Kwa faida ya vijana: kirukanjia ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu na harufu yake, apitaye ukingoni mwa ukuta usiku. Kwamba watu wazima jina hilo humpa nani mwingine, nalijua. Baba Mkubwa, nilikusudia mnyama.

Sasa kisa chenyewe.

Hapa tunaishi watatu: mimi, mwenzangu wa Goma, na kijana mmoja wa Kisauni, Mombasa. Kiswahili cha nyumba yetu ni cha namna tatu. Wa Goma akisema neno, wa Kisauni hulicheka, mimi hulisahihisha, na yeye hutuuliza kwa upole ni nani kati yetu aliyewahi kuukimbia moto wa Nyiragongo na godoro kichwani. Alikuwa mtoto, mwaka 2002. Hapo mjadala wa lugha huisha.

Jumamosi ile intaneti ya nyumba ilikatwa. Waliokata hawana kosa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amelipa, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Bila intaneti televisheni yetu ni kioo cha kujitazamia. Ndipo nikakumbuka boksi. Huku watu wakichoka na vitu vyao huvitandaza mbele ya gereji wikendi asubuhi. Ni kama pale Tangamano siku ya mnada, ila pamenyamaza: hakuna anayekuita mteja, hakuna anayekushika mkono, bei imebandikwa na mwenye mali anasoma gazeti. Hapo ndipo nilipopata deki ya DVD kwa dola tatu, na boksi la filamu hamsini za kutisha kwa dola moja. Msidhani ni za wizi. Ni filamu yatima: haki miliki zake zimekufa, kwa hiyo yeyote mwenye mashine anaweza kuzirudufu akaziuza kama karanga.

Wa Goma alifumba macho akachomoa moja. The Killer Shrews, ya mwaka 1959, dakika 69, nyeusi na nyeupe. Wa Kisauni akatafuta neno hilo la mwisho kwenye kamusi ya simu yake, akacheka mpaka akakaa chini. Virukanjia Wauaji.

Nahodha mmoja, Thorne Sherman, anapeleka shehena kisiwani akiwa na msaidizi wake, Rook Griswold. Kimbunga kinakuja, hawawezi kuondoka. Kisiwani yupo daktari, Marlowe Craigis, ambaye amefikiria sana tatizo la njaa duniani na kuona dawa yake ni kuwapunguza watu kimo wawe nusu, ili chakula kitoshe. Shangazi, usicheke, ndivyo filamu inavyosema. Nami nikiwa nimekaa Texas, mahali ambapo soda ndogo inakutosha kunawia miguu yote miwili, nilimwelewa mzee yule kidogo. Badala ya kupunguza watu, majaribio yake yakakuza virukanjia. Wakatoroka. Sasa wako mia kadhaa, wamekula kila kilichoko kisiwani, na bado wana njaa.

Hapo kuna ukweli ndani yake. Kirukanjia halisi mwili wake unaenda mbio kupita kiasi, moyo unapiga mamia ya mara kwa dakika, na aina nyingine hula kwa siku chakula kinachokaribia uzito wao wenyewe. Hata sumu ambayo filamu inawapa kwenye meno si uongo mtupu. Hapa Marekani wapo virukanjia ambao mate yao yana sumu, ila wanamuulia konokono na mnyoo, si nahodha. Mtunzi alichukua kamnyama ka gramu chache, akauliza: huyu akiwa mkubwa kama mbwa itakuwaje?

Kumbe alikuwa na maana ya mbwa kabisa.

Kiza kimetanda, mvua inanyesha, muziki unakwaruza, mlango unafunguliwa, na kutoka vichakani wanakuja virukanjia. Mwenzangu wa Goma akasimama. "Ile ni imbwa!"

Tukatazama. Walikuwa mbwa. Mbwa halali wa kuwindia, masikio yamebanwa, wamevishwa manyoya kama zulia la mlangoni lililokatwa vipande, na mkia wa bandia unaoburuzwa nyuma kama kamba iliyokatika. Wanakimbia kwa furaha. Nakuapieni, mmoja mkia wake halisi ulikuwa unatikisika chini ya ule wa bandia. Kamera ikiwasogelea ndipo mbwa hutoweka, na badala yake hutokea kichwa cha kusukumwa kwa mkono, chenye meno marefu kama vijiti vya mishikaki, kikitafuna ubao. Mbwa wakiwa mbali, kichwa kikiwa karibu, na kazi ya kuviunganisha ameachiwa mtazamaji.

Bajeti ya filamu ile inatajwa kuwa kama dola 123,000. Ray Kellogg, aliyeiongoza, hakuwa mbumbumbu wa mambo haya. Alikuwa amesimamia kazi za picha za maajabu kwenye studio kubwa ya 20th Century Fox. Mtu anayejua namna ya kutengeneza jitu kwa fedha nyingi anapewa mbwa na mazulia, na anafanya kazi. Mimi nilimheshimu. Ni kama fundi wa injini za meli kupewa baiskeli ya Foniksi na kuambiwa abiria wanasubiri.

Hapo ndipo makosa yetu yalipoanza, maana tuliacha kutazama tukaanza kutangaza.

Mnakumbuka kibanda umiza cha pale jirani na kwetu, benchi za mbao, joto, shuka jeusi mlangoni? Filamu ya Kichina inazungumza Kichina, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na sisi hatujui chochote kati ya hivyo viwili, lakini hakuna aliyetoka bila kuelewa, kwa sababu ilikuwa na sauti ya Lufufu juu yake. Lufufu alikuwa hatafsiri tu. Aliwapa watu majina, akawatungia ukoo, akawagombeza wanapofanya upumbavu. Wa Kisauni naye kalelewa na DJ Afro, ambaye kwa Wakenya ni yale yale kwa mwendo wa kasi zaidi. Basi wa Kisauni akapunguza sauti ya televisheni, akaanza. Nahodha akageuka kuwa mtu wa Likoni aliyekosa feri. Daktari akawa mkopaji aliyekimbia wadai. Nami nikachukua upande wa virukanjia, kwa lafudhi ya Pangani, nikawa nadai kodi ya nyumba.

Wamarekani nao wanalo hilo. Wana kipindi kiitwacho Mystery Science Theater 3000, ambapo mtu na roboti wake hukaa mbele ya filamu mbovu wakiizungumzia juu kwa juu, na hii ya virukanjia ilipita mikononi mwao mwaka 1992. Lakini maneno yao yaliandikwa kabla. Sisi tulikuwa tunayatoa motomoto.

Tukafika kwa Rook Griswold. Niwaambie jambo moja: katika kisiwa kile, Griswold ndiye mtu mweusi pekee. Ni mtu mzima, mchapakazi, mwenye maneno machache. Usiku anabaki nje kushughulikia mashua, wenzake wamo ndani wanakunywa. Na wanakunywa kweli kweli, Shangazi. Kila mtu akiingia chumbani anapewa glasi, hakuna birika la chai hata moja. Tukatazamana sote watatu. Wa Kisauni akanyamaza kutangaza. Mbwa wakamkimbiza Griswold, akapanda mti, mti mwembamba, na likawa lile ambalo sote tulijua litakuwa.

Kimya sebuleni.

"Basi," akasema wa Goma, "sisi tumeisha. Filamu iliyobaki ni yao."

Wa pili kufa alikuwa Mario, mtumishi, Mmeksiko. Wa Goma akanyanyua vidole viwili hewani bila kusema neno.

Sasa Shangazi akapiga simu. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, kwenu saa kumi na mbili asubuhi, ameshaamka, ameshaweka karai la vitumbua jikoni. Akataka kuona nafanya nini. Nikageuza kamera kwenye televisheni. Hapa nataka niwe mkweli mbele ya ukoo: Shangazi alitazama kama dakika kumi na alikuwa mtazamaji bora kuliko sisi. Nyumba ile ya kisiwani ina kuta za udongo. Mvua imezilowesha, virukanjia wanachimba, udongo unamong'onyoka, na watu waliomo ndani, wasomi watupu, wanasukuma makabati.

"Mbona hawakandiki?" Shangazi akauliza.

Nikamwambia wanaogopa.

"Ukuta unakandikwa kabla ya mvua. Na fito ziko wapi? Mbona sioni fito? Nani aliyewajengea hao?" Nikasikia vitumbua vikigeuzwa. "Na huyo msichana ni mtoto wa nani?"

Nikamweleza kuwa ni binti wa daktari. Mwigizaji wake ni Ingrid Goude, aliyekuwa mrembo wa Sweden mwaka 1956, na lafudhi yake ni ya huko huko. Baba yake wa kwenye filamu, Baruch Lumet, ni mzaliwa wa Poland aliyetokea kwenye michezo ya jukwaani ya Kiyahudi, mzazi wa yule mwongozaji mashuhuri Sidney Lumet. Kwa hiyo baba ana lafudhi yake na binti ana yake, hawakukutana popote. Wa Goma akasema ni nyumba kama yetu.

Kisha ukuta ukatoboka. Wa Kisauni akapanda kwenye kochi, akapiga kelele, "Wameingia!" Mimi, ambaye nilikuwa bado kirukanjia wa Pangani, nikanguruma. Wa Goma, ambaye si mtu wa mzaha, akanishika mguu kwa nyuma. Nikapiga yowe, "Mguu wangu! Wananing'ata! Mbwa!" Simu ikaanguka kifudifudi.

Na hapo kifurushi cha Shangazi kikaisha.

Sasa mmeelewa. Mwanamke ameona mbwa, ameona ukuta unatobolewa, amesikia mtoto wa kaka yake akipiga kelele kuhusu mguu, halafu giza. Simlaumu. Ila ningependa kujua ni nani katika kundi aliyeweka ile picha yangu yenye mshumaa.

Kwa heshima ya waliosoma dua niwamalizie na filamu. Wa tatu kung'atwa ni Dakta Baines, msaidizi wa daktari, mtafiti hasa. Kirukanjia amemng'ata mguuni. Anajua atakufa. Je, anaaga? Analia? Anaketi mbele ya taipureta, anaandika dalili zake moja baada ya moja mpaka anaanguka juu ya mashine. Wenzangu walicheka. Mimi nilikaa wima. Kule ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee tunaambiwa kila asubuhi kuwa lisiloandikwa halikufanyika. Ukimpa mzee maji usiandike, hukumpa. Nimeshaandika fomu saa saba usiku macho yamefumba. Baines ndiye mfanyakazi ambaye msimamizi wetu amekuwa akimtafuta.

Huyo Baines ana habari yake, nayo nimeipata kwa mzee mmoja ninayemhudumia. Jumatatu nilimsimulia usiku wetu huku nikimkata kucha, akafurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Aliiona filamu ile ikiwa mpya, akiwa kijana ndani ya gari la baba yake, kwenye sinema ya magari. Baba Mkubwa utaikumbuka ile ya Msasani ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1966. Ndiyo hiyo hiyo, gari linaegeshwa, skrini iko uwanjani. Virukanjia walikuwa wakionyeshwa pamoja na nyingine ya jamaa hao hao, The Giant Gila Monster, ambayo jitu lake ni mjusi wa kawaida akitembezwa kati ya vigari vya kuchezea. Kiingilio kimoja, mashaka mawili.

Aliyeigharimia filamu na kujipa nafasi ya Baines alikuwa Gordon McLendon, mwenye redio ya KLIF hapa Dallas, ambaye familia yake ilikuwa na majumba ya sinema. Mwenye sinema alihitaji filamu za kujaza skrini, akaona azipike mwenyewe. Lakini mzee wangu hakutaka kuzungumza sinema. Alitaka kuzungumza besiboli. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1940, McLendon alikuwa na mtandao wa redio ulioitwa Liberty, na watu wa miji midogo walisikia mechi kutoka viwanja vya mbali kana kwamba mtangazaji amekaa jukwaani. Mara nyingi hakuwako. Alikuwa ndani ya chumba, anapokea matokeo kwa waya wa simu ya maandishi, maneno mawili matatu, na yaliyobaki anayajaza: kelele za mashabiki kutoka kwenye santuri, mlio wa gongo likigonga mpira, mzozo uwanjani pale habari zinapochelewa kufika.

"Tulijua," mzee akaniambia. "Tulijua kabisa hayuko uwanjani. Nyamaza, tunasikiliza."

Nilibaki na kikata kucha mkononi. Baines wetu alikuwa Lufufu.

Na mzee akanipa jambo la pili, ambalo itabidi nilikiri hapa hapa. Kisiwa kile hakiko baharini. Filamu ilipigwa huku huku kandokando ya Dallas, na Lake Dallas ni mojawapo ya sehemu hizo. Kutoka kwangu ni dakika chache kwa gari. Yale mawimbi ya kimbunga ni maji baridi ya ziwa. Sasa tazameni ukutani, hapo juu ya kabati la vyombo, picha yangu nimevaa jaketi la kuokolea nimeipa mgongo bahari kuu. Baba Mkubwa huwaambia wageni kuwa ni Atlantiki. Mimi sikuwahi kusema Atlantiki. Nilisema "maji". Ni ziwa hilo hilo. Nami kuligeuza bahari sikutumia hata dola moja.

Nirudi Jumamosi. Kabla filamu haijaisha, nilikumbuka elimu ya Bibi wa Muheza. Bibi alikuwa akituambia kwamba kirukanjia hawezi kuvuka njia ya watu. Akiikanyaga tu, anafia katikati. Na kweli tulikuwa tunawakuta asubuhi kwenye kijia cha kisimani, wamelala miguu juu. Nikawaambia wenzangu: kumbe hawa wasomi walihangaika bure! Wangefyeka njia moja tu kuizunguka nyumba, upana wa hatua mbili, wakalala usingizi. Griswold angekuwa hai.

Wa Kisauni akafikiri. "Lakini njia ipo. Kutoka ufukweni mpaka nyumbani. Wamemkimbiza Griswold juu yake."

Tukairudisha nyuma. Njia ilikuwapo. Wameivuka, wamerudi, wameivuka tena, hakuna aliyekufa.

"Basi hao si virukanjia," nikasema.

Wa Goma akaegemea kochi na kukunja mikono. "Nilisema mwanzo."

Tulilala saa sita. Filamu haikututisha hata kidogo, na hilo nilitangaza kwa sauti wakati nazima taa. Kisha nikalala chumbani kwangu peke yangu, na nje ya dirisha kitu kikaanza kukwaruza. Kidogo. Kinanyamaza. Kinakwaruza tena. Nilijua ni rakuni kwenye pipa la takataka. Huwa anakuja, nimeshamwona, tunafahamiana. Lakini ubongo wa saa saba usiku hauulizi ushahidi. Nilimkumbuka popobawa, lile zimwi la usiku. Mwaka 1995, alipokuwa anatamba Pemba na Unguja, jamaa za mama kule Wete walihamishia mikeka uani, wakakoka moto, wakalala nje mtaa mzima pamoja. Popobawa hakuwa na mbwa, hakuwa na zulia, hakuwa na hata picha moja. Alikuwa na midomo ya watu, basi, na kuta za mawe hazikumtosha mtu kulala ndani.

Nikainuka kwenda kunywa maji. Sebuleni nikamkuta wa Kisauni amesimama mbele ya friji, naye anakunywa maji, glasi tupu. Hatukuulizana. Dakika mbili baadaye mlango wa tatu ukafunguka, akatoka yule aliyekimbia volkano, na godoro kichwani.

Akalitupa chini. "Kule kuna joto," akasema.

Ilikuwa mwezi wa pili.

Tumelala sebuleni mpaka Jumatatu. Intaneti tumeilipia.

Jana Shangazi alinipata kwa simu, akiwa amejaza kifurushi cha wiki nzima kwa ajili hiyo. Kwanza alilia, halafu alinitukana kwa utaratibu, kuanzia utotoni. Nilipoona amepoa nikaona nimsimulie mwisho, maana alikuwa ameacha filamu ukuta ukitoboka. Nikampa yote kwa sauti ya Lufufu. Kwamba waliobaki walitafuta matangi ya chuma, yale mapipa makubwa, wakayafunga pamoja kwa kamba na nyaya. Kwamba nahodha, binti na daktari waliingia chini yake, kila mmoja na la kwake, wakachuchumaa, wakaanza kutembea kuelekea ufukweni kama kobe, mbwa wanayakwaruza kwa nje, wao wanachungulia kwa vitundu. Mchumba wa binti alikataa kuingia, akabaki juu ya paa, na alipojaribu kukimbia mwenyewe, akaliwa. Lakini mapipa yale, Shangazi, yalikuwa imara! Yalivuka mchanga, yakaingia majini, watu wakaogelea hadi mashuani, wazima wote watatu!

Nikanyamaza ili asifu.

Upande wa pili nikasikia upawa ukiwekwa juu ya sahani.

"Kumbe huko mapipa yapo," akasema.